Neno la Mhariri: Masikio ya Magogoni, Maneno ya Kwingine

Mwanafunzi anayesomea upimaji wa usikivu hawezi tena kulalamika kwamba vitabu hakuna. Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo yake ya huduma ya msingi ya masikio mwaka 2006, likatoa mwongozo mpya 2023. Chuo Kikuu cha Cape Town nacho kinagawa bure mwongozo mzima wa odiolojia, na simu ya kawaida yatosha kuupakua. Umbo la koklea, hesabu ya desibeli, namna ya kusoma odiogramu: yote yamo, na yameandikwa vizuri. Ila nusu ya kazi hii hufanywa kwa mdomo, na nusu hiyo ndiyo iliyokosa kitabu. Toleo hili linashikilia kwamba nyenzo tunazozihitaji kwanza ni za kusemezana na mgonjwa, kwa sababu zisipokuwepo kinachoharibika ni kipimo chenyewe.

Chukua kipimo kinachoonekana hakina lugha kabisa, cha mlio mtupu. Utaratibu wa Carhart na Jerger wa mwaka 1959 unafahamika: mgonjwa akisikia, shusha desibeli 10, asiposikia, pandisha 5. Hilo ni jepesi. Kazi ni kumfanya mzee wa Magogoni, hapa Mombasa, abonyeze kitufe hata kwa mlio anaoushuku tu. Ukimwambia "bonyeza ukisikia", mtu mwangalifu atangoja mpaka asikie sawasawa, na odiogramu yake itaonyesha uziwi mkubwa kuliko alio nao. Mwanafunzi aliyefundishwa maelekezo hayo kwa Kiingereza huachiwa ajitungie ya Kiswahili papo hapo. Wapimaji wawili wenye maelekezo mawili hawajafanya kipimo kimoja, hata odiometa ikiwa ileile.

Kipimo cha maneno kiko pabaya zaidi, nacho ndicho kinachojibu lalamiko la wengi: "nasikia, lakini sielewi." Orodha mashuhuri ya W-1 ilitengenezwa St. Louis, Marekani, mwaka 1952. Ndani yake mna iceberg, drawbridge na hotdog. Mtoto wa Kisauni akishindwa kurudia drawbridge, tumempima sikio au tumempima shule? Wala kutafsiri si dawa. Orodha za Boothroyd za mwaka 1968 zimejengwa kwa maneno ya silabi moja yenye konsonanti mbele na nyuma, na katika Kiswahili karibu kila neno huishia kwa irabu. Kwetu anayepoteza sauti za juu huchanganya fika na shika, saa na faa. Tena upatanisho wa ngeli humfichia siri: katika "kitabu kile kimepotea", ki- imerudi mara tatu, basi hujaza pengo bila kujijua. Ndiyo maana mtu huweza kupiga soga barazani kutwa nzima na bado akawa anahitaji kifaa cha kusikia. Neno moja moja ndilo litakalomfichua. Na Mombasa kuna la ziada, kwani Kimvita hutenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu.

Watakaosema kwamba mitihani ni ya Kiingereza wanasema kweli, na hakuna anayetaka koklea ibadilishwe jina. Mwanafunzi na ajibu mtihani kwa lugha ya mtihani. Mgonjwa hakuja kufanya mtihani wa lugha. Pingamizi lenye uzito ni jingine. Orodha ya maneno haitungwi mezani ikaisha: lazima isomwe na kurekodiwa, ijaribiwe kwa watu wenye masikio mazima, maneno mepesi mno na magumu mno yaondolewe, mpaka orodha mbili ziwe na ugumu sawa. Kisha, Kiswahili cha nani? Magogoni wamo Wamvita, Wagiriama na waliotoka bara. Lakini pingamizi hilo linadai kazi ifanywe kwa uangalifu, halidai iachwe. Na kazi ya namna hiyo, ya kurekodi na kujaribu kwa vijana wenye usikivu mzima, inawafaa wanafunzi wenyewe kuliko insha nyingine juu ya nadharia. Tumeanza kwa kuchapisha humu maelekezo ya mgonjwa na rasimu ya orodha mbili za maneno. Orodha hizo hazijajaribiwa bado. Zitumike darasani kwa mazoezi, zisitumike kumchagulia mgonjwa kifaa.