Nyumba Njema Si Mlango

Jahazi linaposhusha shehena Kilindoni, mtu mwenye macho aweza kuyasoma hapo hapo mashaka ya mjenzi wa Mafia. Mifuko ya saruji yashuka mabegani mwa wachukuzi, kila mmoja kilo 50. Nyuma yake yaja mabati, nondo na misumari. Mwananchi wa Kirongwe au wa Bweni amelipa bei ya dukani, amelipa gari mpaka pwani, amelipa nauli ya bahari, na sasa yampasa alipe gari jingine limfikishie mali yake kiwanjani. Msingi haujachimbwa, na fedha imekwisha pungua.

Gharama hiyo tungaliivumilia bila manung'uniko kama ingalimpa mjenzi nyumba njema. Lakini twaijua nyumba aipatayo. Mchana wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, bati lililo wazi kwa jua huweza kupita joto la nyuzi 60, na joto hilo hushuka moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo. Ukuta wa tofali hulinywa jua mchana kutwa, kisha usiku huwarudishia wenye nyumba. Mtoto halali, mama hutoa mkeka nje, chandarua kilichowekwa kwa ajili ya kinga ya malaria hubaki kimekunjwa, kwa kuwa ndani yake hapana hewa. Asubuhi mtu huyo aenda shambani, baharini au kazini akiwa hakupumzika. Wazee wetu walisema kuwa nyumba njema si mlango. Sisi twaongeza kwamba wala si bati linalong'aa mbele ya wapita njia. Nyumba hupimwa kwa usiku anaoupata alalaye ndani yake.

Kwa kipimo hicho twapenda leo kulitazama jambo linalosemwa sana na wajenzi wa siku hizi, nalo ni nyumba za paneli: kuta na mapaa yanayotengenezwa kiwandani kwa tabaka tatu, kisha yakaunganishwa kiwanjani kwa siku chache. Wapo wanaozisifu kana kwamba ndizo dawa ya kila shida. Wapo wanaozicheka na kuziita nyumba za maboksi. Makundi yote mawili yana haraka.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani, yashuhudia kwamba watu wa visiwa hivi walikuwa mabingwa wa mawe na chokaa muda mrefu kabla ya mfuko wa saruji kufika pwani yetu. Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, na unene wa ukuta ndio uliowakinga na jua. Asiyekuwa na uwezo wa mawe alijenga kwa nguzo, fito na udongo, akaezeka makuti. Paa la makuti ni jepesi, lapumua, wala halimwagi joto ndani kama bati. Hayo yalikuwa maarifa, si umaskini peke yake.

Hata hivyo hatuwezi kurudi huko kwa miguu yote miwili. Chokaa ya Mafia ilitoka baharini: matumbawe, hata yaliyo hai, yalivunjwa na kuchomwa kwa kuni nyingi. Tumbawe ni nyumba ya samaki na ni ukuta wa kuvunja mawimbi. Anayelichoma ajenge kwake abomoa kwa mwenziwe mvuvi. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, na uharibifu huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuihitaji. Mikoko nayo ni hifadhi ya Serikali, kwani pasipo mikoko hapana kamba wala ufuo ulio salama. Makuti huchakaa baada ya miaka michache, na cheche moja ya jikoni yatosha kuunguza mtaa. Na watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 wilayani Mafia. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 66,000. Hao karibu 20,000 walioongezeka katika miaka 10 wataka mahali pa kulala, na miamba na mikoko haikuongezeka pamoja nao.

Basi tukakimbilia saruji na bati. Kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kutoa saruji mwaka 1966 tulifurahi, tena kwa haki, maana kununua kwetu ni bora kuliko kununua ng'ambo. Lakini furaha ikageuka mazoea, na mazoea yakageuka utumwa. Mwaka 1977, alipokuwa akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakemea wananchi kwa jambo hili hili. Alieleza kwamba kushikilia saruji na bati, hata pale penye udongo mzuri wa matofali na vigae, ni namna ya kupooza kwa akili. Na alikumbusha kuwa saruji yenyewe ni udongo tu, ila watu wameupa heshima kwa kuuita udongo ulaya. Maneno hayo hayajazeeka. Twayaweka hapa ili yatuongoze katika kuzipima paneli, tusije tukauacha udongo ulaya tukaangukia povu ulaya.

Paneli ni kitu gani? Mvuvi wa pweza wa Jibondo atalijibu swali hili upesi kuliko wengi. Kasha lake la barafu lina ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati povu gumu jepesi. Barafu hukaa humo jua likiwaka, kwa kuwa lile povu limejaa vijishimo vya hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Paneli ya nyumba ni kasha hilo hilo lililokunjuliwa likawa ukuta. Sentimeta 10 za povu la namna hiyo huzuia joto kuliko meta 2 za zege. Tena zile bao mbili, zikigandishwa na povu kwa gundi imara, hushikana zikawa kitu kimoja, hata ukuta ukaweza kubeba paa bila nguzo nyingi.

Wala si uzushi wa jana. Huko Marekani, maabara ya Serikali ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Wisconsin, ilianza majaribio ya nyumba za paneli katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, kwa nia ya kupunguza mbao na kazi. Nyumba ya majaribio ilisimamishwa mwaka 1937, naye Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akahudhuria kufunguliwa kwake. Mwaka 1952 msanifu Alden B. Dow alijenga kwa paneli zenye povu ndani, katika mji wa Midland, Michigan. Yaani jambo hili lilianza kama jibu la nyumba za watu wa kawaida, na halikuanza kama anasa.

Faida zake kwa kisiwa zaonekana. Ya kwanza ni ubaridi, nasi tumekwisha ieleza. Ya pili ni muda: kuta zaweza kusimama kwa siku, badala ya miezi ya kufyatua tofali na kungoja zikauke. Ya tatu ni mchanga. Kila tofali lina mchanga ndani yake, na mchanga ukichotwa ufukweni, bahari huja kudai deni lake. Watu wa Kisimani Mafia, ambako maji yamekwisha kula mji wa kale, hawahitaji mhubiri wa habari hiyo. Ya nne ni uzito. Meta moja ya mraba ya ukuta wa paneli ina uzito wa kilo 20 hivi, na ya tofali nzima hupita kilo 250.

Hapa lakini yatupasa tuwe wakweli, maana hesabu isiyo kamili ni uwongo wenye tarakimu. Mchanga wa tofali hauvuki bahari. Kinachovuka ni saruji. Meta ile ile ya ukuta haili chini ya nusu mfuko, na lipu ikiongezwa hukaribia mfuko mzima. Kwa hiyo tofauti ya kweli ya mizigo ni ya kilo 20 kwa kilo 30 au 50, wala si ya 20 kwa 250. Na paneli, ingawa ni nyepesi, hujaza jahazi upesi kwa ukubwa wake. Nahodha hapimi kilo peke yake. Hupima na nafasi.

Yapo na mengine. Bao za paneli za Marekani ni vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi, nasi tuna mvua inayokaribia milimeta 1,900 kwa mwaka, tuna mchwa, na tuna hewa ya chumvi. Kiungo kimoja kikivuja, maji huingia ndani na kuozesha yasipoonekana. Yafaa basi nyuso za paneli zetu ziwe za bapa za saruji, na viungo viangaliwe na fundi aliyefundishwa. Halafu pana moto. Povu la kawaida huyeyuka na kutoa moshi wenye sumu. Mwezi Juni 2017, katika jumba la Grenfell mjini London, watu 72 walikufa kwa sababu kuta zilifunikwa vitu vinavyowaka, na wakubwa hawakusikiliza malalamiko ya wapangaji. Mahali ambapo chakula hupikwa kwa kuni na makumbi, jambo hili si dogo. Jiko litengwe, na povu lisiachwe wazi ndani ya chumba hata kidogo.

Na upepo nao. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu na kuikumba Mafia, nasi tulizoea kudhani kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Nyumba nyepesi isiyofungwa barabara kwenye msingi ni tiara tu. Ikifungwa, kuta zake za kipande kimoja huweza kushinda upepo kuliko tofali zilizopangwa kwa udongo dhaifu. Kazi yote imo katika kufunga.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote ni fedha, na juu ya hili wauzaji wa paneli hunyamaza. Mfanyakazi wetu hujenga kwa haba na haba. Mwezi huu mifuko miwili, mwezi ujao tofali 50. Mwaka huu msingi, mwakani kuta. Bati lingoje mavuno ya nazi au mafao. Tofali humvumilia, kwa kuwa ndilo benki yake: fedha iliyokuwa tofali haiwezi kuombwa na mjomba. Paneli haimvumilii. Huja yote pamoja, hudai fedha zote pamoja, na ikilala nje bila kuezekwa huharibika. Ndiyo kusema kwamba paneli ikiachiwa soko peke yake, itakuwa nyumba ya mwenye hoteli. Mwalimu na mpagazi wa bandarini wataiona kwa mbali.

Je, tuseme basi iachwe? La hasha. Twasema ichukuliwe kwa akili, na tuna njia tatu za kushauri.

Njia ya kwanza ni kuanza na paa. Katika nchi ya baridi hukinga ukuta wote, kwa sababu wanazuia joto la ndani lisitoke. Sisi jua letu liko utosini, na adui huingia kwa juu. Mwananchi mwenye kuta za tofali au za udongo hana haja ya kuzibomoa. Wazee walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Tabaka la kuzuia joto chini ya bati, dari nzuri, baraza pana ya kukinga ukuta na jua, na madirisha yenye nyavu yanayopokea upepo wa kusi na wa kaskazi: hayo yatabadili usiku wake kabla hajanunua paneli moja ya ukuta. Tena nyumba iliyofungwa kila upande kama kasha la barafu, bila njia ya upepo, itamtesa mwenyewe kwa jasho lake.

Njia ya pili ni Serikali kutangulia. Nyumba za walimu na wauguzi hujengwa kwa fedha inayotoka kwa pamoja, kwa hiyo kile kizuizi cha haba na haba hakipo hapo. Zijengwe nyumba chache za paneli, kando ya za tofali zenye vyumba sawa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, ndiyo kazi iliyouitia jina lake. Upime joto la usiku, unyevu na mchwa kwa misimu yote, na hesabu ibandikwe mahali ambapo mjenzi wa kawaida ataisoma. Na muuguzi aliyelala humo aulizwe kabla ya mhandisi.

Njia ya tatu ni kutengeneza kwetu. Ndani ya paneli si lazima liwe povu la kiwanda cha mbali. Kinachotakiwa ni kitu chepesi chenye hewa iliyotulia. Mafia ni kisiwa cha minazi. Wanawake wetu wamezika makumbi mchangani na kuyatwanga kwa kamba tangu enzi za mababu. Nyuzi hizo hizo zikishindiliwa zaweza kuwa bapa la kuzuia joto. Na vyama vya ushirika, vilivyozoea kukusanya nazi na samaki, vyaweza kukusanya akiba ya ujenzi, ili wanachama 20 wajengeane kwa zamu, kila mmoja akapata nyumba nzima kwa mara moja badala ya kungoja nusu ya umri wake.

Kumpa mfanyakazi usiku wa baridi baada ya siku ya jua si zawadi. Ni sehemu ya ujira wake na ya afya ya watoto wake. Yeyote atakayetuletea paneli Kilindoni tutampokea kwa heshima, tutamkalisha barazani, kisha tutamwuliza swali moja kabla ya bei: je, mtoto atalala ndani mwezi Februari? Akijibu, na jibu lake likapimwa, tuzungumze juu ya nauli.