Kuzuia matusi si kufunga watu mdomo

Vijana wenzetu, tuangalie Debian: watu wa kujitolea wanaotengeneza programu huria tangu 1993. Hakuna mshahara. Mtu akitukanwa kila siku anaenda zake, na kazi inabaki bila mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2014 walipiga kura, wakakubali kanuni za mwenendo: heshima kwanza, na mwenye kurudia makosa anazuiliwa kuandika, kwa muda ama kabisa.

Wengine watasema hiyo ni udikteta. Hapana! Udikteta ni mkubwa mmoja kunyamazisha mwenye hamupendi. Pale sheria ilipigiwa kura na wanachama wenyewe. Tuko na haki ya kukosoa kazi ya mwenzetu, si ya kumudharau. Bila sheria, mwenye kelele ndiye shefu.