Mnachekea Nini? Hii Ni Saratani

Wasee, tuongee bila aibu. Kuna saratani ya njia ya haja kubwa. Najua kuna mtu Mwingi ameshaanza kucheka, na mwingine Wote anaandika "hiyo ni ya watu fulani." Wacheni hiyo.

Takriban visa 9 kati ya 10 vinaletwa na HPV, kirusi kile kile cha saratani ya shingo ya kizazi. Watu wengi wanaofanya ngono hukipata wakati mmoja maishani, na kwa wengi mwili hukimaliza wenyewe. Hatari huzidi kwa wavuta sigara na wanaoishi na virusi vya ukimwi. Duniani, wanawake huugua kuliko wanaume. Mwigizaji Farrah Fawcett wa Marekani alikufa nayo 2009. Mwenzake Marcia Cross alitibiwa, akaamua kuiongelea waziwazi. Sasa hao "watu fulani" ni akina nani?

Kinachoniuma ni kwamba Kitui si wageni kwa HPV. Mwaka 2013 chanjo ilianza kujaribiwa huko kwa wasichana wa darasa la nne, miaka 6 kabla ya nchi nzima kuanza 2019. Wasichana hao leo ni rika letu. Lakini chanjo imetangazwa kama ya shingo ya kizazi, na wavulana wa dawati hilo hilo wakaachwa. Mtasema pesa ni kidogo na shingo ya kizazi inaua wengi zaidi. Sawa, wasichana watangulie. Lakini kusema ukweli wote kuhusu kirusi hiki kunahitaji bajeti gani?

Tukinyamaza, mtu anatokwa na damu, anawashwa, ana uvimbe, na anajiambia ni bawasiri. Ananunua dawa ya kupaka, anameza mitishamba ya sokoni, miezi inapita. Mara nyingi huwa bawasiri kweli. Lakini utajuaje bila kuangaliwa? Daktari huvaa glavu, anapima kwa kidole, dakika chache umemaliza. Ikigunduliwa mapema, mionzi na kemo huponya wengi, mara nyingi bila upasuaji mkubwa.

Na wahudumu wa afya, kuanzia Mutomo hadi Kibwezi: mgonjwa akija, mpimeni. Mahubiri ataenda kuyasikia Jumapili.

Damu ikikutoka huko nyuma, usiulize TikTok, usiniulize hata mimi. Nenda hospitali useme, "Nataka kuangaliwa." Na ukimcheka mwenzako aliyesema hivyo, jua wewe ndiye umemfungia mlango.