Siri ya mgonjwa haipandi daladala

Tunaomba watumishi wa afya wa Iringa watusikilize leo, maana sisi tumekuwa tukiwasikiliza wao bila kutaka. Tunawasikia kwenye daladala za Kihesa zamu ya asubuhi inapotoka, kwenye foleni ya chipsi, saluni na kwenye vijiwe vya kahawa. Wanazungumzia kazi, na kazi yao ni miili yetu.

Mazungumzo yenyewe huwa ya namna hii. Wawili wamekaa kiti cha nyuma, sweta juu ya sare. “Yule mama wa kitanda cha saba karudi tena.” “Yupi?” “Si yule wa ndizi, pale sokoni, mwenye binti chuo.” “Ahaa! Majibu yametoka?” Hapo sauti inashushwa, lakini gari zima limeshatega masikio.

Hakuna jina lililotajwa, na ukimuuliza mtumishi huyo ataapa kwamba hajavunja siri ya mtu. Hapo ndipo anapojidanganya. Kihesa watu wanajuana kwa biashara, kwa kwaya, kwa nyumba ya kupanga na kwa mtoto anayesoma. Kitanda, meza ya ndizi na binti wa chuo vinatosha. Kabla gari halijafika mwisho wa safari, abiria watatu wameshamjua mgonjwa, na mmoja wao ni jirani yake.

Mkoa wetu una sababu ya pekee ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mtu anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Kwa hiyo kinga ya mji mzima inategemea huyo mmoja arudi kliniki tarehe yake ikifika. Akiogopa kusemwa, anaacha kituo cha jirani na kupanda basi kwenda wilaya nyingine kuchukua dawa. Mwezi ambao nauli haipo, dozi nayo haipo.

Wala si VVU peke yake. Yumo msichana aliyekwenda kupima mimba, mzee wa kifua kikuu, kijana aliyepelekwa kwa daktari wa akili, na mwanandoa anayetafuta mtoto. Wote hao walivua nguo au walifungua moyo mbele ya mtu wasiyemjua kwa sababu moja tu: waliamini kwamba yatabaki chumbani.

Sheria hazina utata. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inamtaka kila anayeshika taarifa za kitabibu atunze siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kiapo cha wauguzi kilichopewa jina la Florence Nightingale, kilichotungwa Marekani mwaka 1893, nacho kinamfunga muuguzi kutunza mambo ya mgonjwa na ya familia yake. Kenya wamekwenda mbali zaidi: wana baraza maalumu la kisheria la mashauri ya VVU na UKIMWI, ambalo limewahi kuamuru watu waliotangaziwa hali zao walipwe fidia.

Tusidhani kutoa siri za wagonjwa ni ugonjwa wa Waswahili peke yao. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupanda lifti za hospitali tano na kutega masikio. Katika safari 259 ambazo abiria wangeweza kuzungumza, safari 36 zilitoa maneno yasiyofaa kusemwa mbele za watu, na mengi kati ya hayo yalivunja siri za wagonjwa. Sisi lifti hatuna. Tuna daladala, ambayo inabeba ndugu wa mgonjwa, mwenye nyumba wake na mdeni wake kwa pamoja.

Tunajua upande wa pili. Muuguzi aliyekesha na wodi iliyojaa, akaona mtoto akikata roho alfajiri, ana haki ya kutua mzigo. Binadamu haishi kwa kumeza tu. Lakini pa kutulia mzigo huo ni hospitalini, kwenye chumba cha watumishi chenye mlango unaofungwa, mbele ya wenzake au kiongozi wake wa zamu. Uongozi usiotenga chumba hicho unawatuma watumishi wake wakaseme barabarani.

Na uongozi uanze nyumbani kwake. Dirisha la mapokezi ambapo mgonjwa anaulizwa “unasumbuliwa na nini?” huku watu kumi wakiwa mgongoni kwake, linavunja siri kabla daktari hajamwona. Sauti inayoita koridoni “wale wa CTC mstari wenu huku”, yaani wa kliniki ya VVU, inafanya kazi ileile ya daladala. Picha ya jeraha au ya faili inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp inafika mbali kuliko gari lolote. Pazia, namba badala ya jina na mstari wa kusubiria uliowekwa mbali kidogo na dirisha havihitaji bajeti ya wizara.

Lipo jambo moja tusilolitaka. Usiri usigeuzwe kufuli la kuwanyamazisha watumishi. Muuguzi anayesema dawa zinaibwa, vitanda havitoshi au mjamzito anadaiwa rushwa hajavunja siri ya mtu. Amefanya wajibu wake. Siri tunayoitetea ni ya mgonjwa, si ya mkuu wa idara. Anayelinda uzembe kwa jina la maadili anakosea sawa na anayebwabwaja.

Nasi raia tujitazame. Mara nyingi mtumishi huanza kusema kwa sababu ameulizwa. “Nesi, hivi yule jirani yetu ana nini hasa?” Swali hilo tuliache. Aliyekueleza ya jirani leo, kesho atamweleza jirani ya kwako.

Kwa hiyo tunasema hivi. Waganga wafawidhi wa hospitali na vituo vyote vya Manispaa wawakumbushe watumishi wao, kuanzia daktari hadi mfanya usafi na mlinzi, kwamba habari za mgonjwa zinaishia getini. Mgonjwa aliyetangazwa apewe mahali pa kulalamikia bila kuogopa kunyimwa huduma. Mtumishi aliyethibitika kuvunja siri aonywe kwa maandishi. Akirudia, mwenye leseni apelekwe kwenye baraza lililompa leseni hiyo, na asiye nayo ashughulikiwe na mwajiri wake.