Kombora la Kujihami: Ngao au Mkuki?

Wahenga walilonga kuwa amani haiji ila kwa ncha ya upanga. India iliishika kauli ya aina hii mwaka wa 1983 ilipoanzisha mpango wake wa kuunda makombora, chini ya mwanasayansi A. P. J. Abdul Kalam, aliyekuja kuwa Rais kati ya 2002 na 2007. Kombora la Prithvi lilijaribiwa mwaka wa 1988, na Agni mwaka wa 1989. Mwaka wa 1987 mataifa saba tajiri yalikuwa yameafikiana kudhibiti uuzaji wa teknolojia hiyo. India haikukata tamaa; ilijiundia. Kufikia mwaka wa 2012 ilikuwa imejaribu Agni-V, lenye uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 5,000.

Taifa kujitegemea kwa elimu ya wanawe ni jambo la kusifiwa, na hakuna nchi inayopaswa kunyimwa haki ya kujilinda. Hata hivyo, sisi tunaosomea lugha tuna wajibu wa kulihoji neno hili, 'kujihami'.

Tutazame majina, mathalani. Katika Kisanskriti, Prithvi ni ardhi na Agni ni moto. Aprili 1998, Pakistan ilijaribu kombora lake na kuliita Ghauri, jina la sultani aliyemshinda mfalme Prithviraj mwaka wa 1192. Lililokuwa 'ardhi' upande mmoja liliweza kusikika upande wa pili kama jina la mfalme, na jibu likawa jina la aliyemshinda. Mwezi uliofuata, nchi zote mbili zilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kila moja ilidai inajihami. Ngao ya huyu ilikuwa mkuki machoni pa yule.

Fauka ya hayo, kombora la balistiki husukumwa na injini kwa muda mfupi tu. Baada ya hapo huenda kwa kasi lililokwisha kuipata, likivutwa na ardhi hadi liangukapo. Likisharushwa haliitwi likarudi. Baina ya majirani, safari hiyo ni ya dakika chache, muda usiotosha hata kuuliza kama pametokea kosa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hofu hii si ya kubuni. Machi 2022, kombora la India lilifyatuka kwa bahati mbaya na kuanguka Pakistan. Halikuwa la balistiki, na halikumuua mtu, lakini lilionyesha jinsi kosa dogo linavyoweza kuvuka mpaka.

Kwa maoni yangu, basi, ulinzi ulio bora zaidi baina ya nchi hizo haupimwi kwa kilomita. Mwaka wa 2005 zilitia saini mkataba wa kuarifiana kabla ya kila jaribio la kombora la balistiki. Karatasi ile haikuangusha kombora lolote, lakini iliondoa sababu moja ya kudhaniana vibaya. Atakayesema kuwa maneno hayazuii vita atazame ni maneno mangapi huvianzisha.

Wanafunzi wenzangu, tutakapotafsiri habari za 'makombora ya kujihami', tusilipitishe neno hilo kimyakimya. Tuulize: nani anajihami, dhidi ya nani, na jirani yake amesikia nini? Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hazina kombora.