Nasaha kwa Wafanyabiashara Wetu Wafikao Mombasa

Watu wa Butembo na Beni, huku Kongo, ni wasafiri hodari, wala hakuna awezaye kulikana hilo, kwani kabla lori la kwanza halijapanda milima yetu wazee wetu walikuwa wakivuka Ziwa Edouard kwa mitumbwi kwenda kutafuta chumvi ya Katwe, na leo wajukuu wao wafika Dubai na Guangzhou kwa wepesi ule ule waendao nao sokoni. Lakini lipo jambo ambalo mimi, kwa insafu, siwezi kulinyamazia: twasafiri sana na kuona kidogo.

Mtazameni mfanyabiashara wetu avukaye mpaka wa Kasindi, akapita Kampala na Nairobi hata akafika Mombasa. Mchana kutwa yuko bandarini Kilindini akifuata hati za kontena lake, usiku hulala, na mzigo ukitoka, naye huyo, arudi. Mwulize ni mji wa namna gani, naye atakueleza habari za ushuru na joto tu. Aghalabu hata hana habari kwamba amelala kisiwani, na kwamba katika kisiwa hicho hicho imesimama Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waarabu wa Omani wakaihusuru tangu 1696 mpaka wakaitwaa mwaka 1698.

Najua nitakavyojibiwa: kutembelea visiwa kwa mashua ni anasa ya Wazungu wenye pesa za kuchezea. Basi nani alikuwa Ibn Battuta? Mwafrika wa Tanja, aliyeshuka kwa jahazi katika pwani hii mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja, na kwa usiku huo mmoja akaona ya kutosha kutuandikia kwamba watu wake hula ndizi na samaki, kwamba nafaka yao huletwa kutoka bara, na kwamba misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi. Kisha akaendelea hata Kilwa. Usiku mmoja, ndugu zangu, nasi twangojea kontena juma zima!

Nasaha yangu, basi, ni kwamba anayengojea mzigo apande basi mpaka Mokowe, na hapo aingie mashua avuke hadi Lamu, mji wa mawe ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, wenye vichochoro vyembamba ambamo mizigo hubebwa na punda. Wenyeji watakicheka Kiswahili chetu. Na wacheke, sisi pia tutapata la kucheka. Kisha akodi mashua ya kumpeleka Takwa, katika kisiwa cha Manda, na huko ndiko ningependa hasa afike. Njia yake ni mkono mwembamba wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambamo chombo hupita maji yakijaa na hukwama yakipwa, hata tajiri aliyezoea kuamrisha madereva wake usiku na mchana atalazimika kukaa kitako na kuingojea bahari. Mwisho wa njia hiyo atakuta magofu ya mji uliositawi katika karne za 15 na 16: msikiti, kuta za nyumba, na kaburi lenye nguzo ndefu. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na watu wake, kama wasemavyo wenyeji, wakavuka kwenda kukaa Shela, katika kisiwa cha Lamu. Sisi ambao twajenga maghorofa kila mwaka, na ambao tumeona vijiji vikihamwa kwa ajili ya vita, tunayo sababu kubwa ya kusimama hapo kitambo tukatafakari kuliko mgeni atokaye Ulaya.

Ama hofu ya maji, hiyo siidharau. Ajali ya mashua ya Aprili 2019 katika Ziwa Kivu ilimfanya Rais Tshisekedi aamuru kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, na sioni kwa nini amri hiyo tuiache ziwani. Msimu wa kaskazi bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi, kwa hiyo aliye na hiari achague miezi ya Desemba hata Machi. Chombo kilichojaa kupita kiasi asikipande, hata akiambiwa ni cha mwisho. Na kabla ya kutoa nauli amwulize nahodha maji yatakupwa saa ngapi. Akibabaika katika jibu, atafute nahodha mwingine.