Mwanafunzi na Kadi ya Chama: Somo la Nachingwea



Kijana wa Nachingwea au wa Ruangwa anapokwenda chuoni, mzazi wake huwa na hofu nyingi, na mojawapo ni hii: je, ajiunge na tawi la chama cha siasa? Hofu hiyo ina haki yake, kwani ada ya kijana huyo imetoka katika korosho na ufuta, si katika ruzuku ya chama chochote. Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, vyama vimejipatia makazi miongoni mwa wanafunzi: CCM kwa njia ya Umoja wake wa Vijana, CHADEMA kwa njia ya CHASO.

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 287, inamzuia padre kushiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa, hivyo sitawaambia vijana washike kadi ipi. Mlei hana kizuizi hicho. Siasa ni shamba lake halali. Nathubutu tu kusema kwamba tawi la wanafunzi ni jambo jema kwa sharti moja, yaani mwanafunzi aweze kukiambia chama chake "hapana" bila kuogopa. Sharti hilo likikosekana, ama chama kitamtumia mwanafunzi, ama mwanafunzi atakitumia chama.

Somo hili lilikwisha kufundishwa hapa hapa kwetu. Katika ardhi ya Nachingwea, ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulishindwa, FRELIMO ya Msumbiji iliweka kambi yake kuu ya mafunzo wakati wa vita vya ukombozi. Chama hicho kilikuwa na wasomi wake pia. Ulikuwapo umoja wa wanafunzi ulioitwa UNEMO, ulioanzishwa Paris mwaka 1961, na ilikuwapo shule ya Taasisi ya Msumbiji kule Dar es Salaam. Viongozi walitaka wanafunzi wawe tayari kukatiza masomo na kulitumikia pambano. Wanafunzi wengi walitaka kwanza wamalize shule na wapate nafasi za masomo ng'ambo.

Ugomvi ukawa mkali. Mwaka 1968 wanafunzi wa UNEMO waliokuwa Marekani waliushambulia uongozi kwa maandishi, na mwezi Machi mwaka huo huo Taasisi ya Dar es Salaam ikafungwa kutokana na vurugu. Upande wa wanafunzi alisimama padre Mkatoliki kutoka Msumbiji, Mateus Gwenjere, aliyekuwa akifundisha pale.

Nani alikuwa na haki? Naona kila upande ulishika nusu ya ukweli. Chama kilisema kweli kwamba elimu iliyolipiwa na jasho la wengi si mali ya mtu binafsi, na kwamba haifai mtoto wa mkulima afe vitani ilhali msomi anangoja cheo. Wanafunzi nao walisema kweli kwamba anayeombwa kutoa maisha yake ana haki ya kuuliza, na kwamba taifa lisilo na wasomi litakombolewa leo na kukwama kesho. Nusu hizo mbili zilihitaji meza moja ya mazungumzo. Badala yake, neno la kupinga likaitwa usaliti. Mwezi Mei 1975, hapa Nachingwea, Uria Simango, aliyekuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma hadharani maungamo ya makosa yake. Baada ya uhuru yeye na Padre Gwenjere waliuawa bila hukumu ya mahakama.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo lilikuwa la jirani peke yake. Novemba 1970 serikali yetu ilikipiga marufuku chama cha wanafunzi cha USARF katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na jarida lake Cheche, ili Umoja wa Vijana wa TANU ubaki peke yake. Vijana wale hawakuwa maadui wa Ujamaa. Walitaka utekelezwe kwa ukamilifu zaidi. Walinyamazishwa na watu wa upande wao wenyewe.

Ndugu zangu, sauti ikizibwa haifi, bali hutafuta njia nyingine. Katika machafuko ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 nchi yetu ilizika watoto wake. Hatuwezi tena kusema kwamba siasa ya vijana ni mchezo wa fulana na nyimbo za kusifu.

Basi, mzazi asimkataze kijana wake siasa, bali amwulize maswali matatu. La kwanza: katika tawi lenu, ni lini mara ya mwisho mlijadili jambo la wananchi, kama bei ya korosho au mikopo ya wanafunzi, na si ziara ya kiongozi tu? La pili: aliyetoa maoni tofauti na uongozi, yuko wapi sasa? La tatu: ukipata cheo, nani nyumbani atafaidika zaidi yako?

Kijana akiweza kujibu maswali hayo bila kutazama chini, tumwache aende, tena kwa baraka zetu. Akishindwa, tumsihi arejee kwanza kwenye vitabu vyake. Nao viongozi wa vyama wakumbuke kwamba anayemfundisha kijana kupiga makofi tu hatakuwa na mshauri siku atakapopotea njia.